Nadharia za Njama na Makosa ya Kufikiri Yanayozizaa

Nadharia ya njama ni maelezo yanayodai kwamba tukio lenye sababu zinazojulikana ni kazi ya kikundi cha watu wenye nguvu, waliopanga kwa siri na kufanikiwa kuwaficha walimwengu. Wapo wanaoamini kwamba binadamu hajawahi kukanyaga Mwezini. Wengine wanaamini dunia ni bapa, au kwamba mitambo ya simu ilileta Uviko-19, au kwamba chanjo ya pepopunda ni dawa ya kuwafunga wanawake uzazi. Wanaoyaamini hayo hawafanani kwa elimu, dini wala kipato, na madai yenyewe hayahusiani. Kinachoyaunganisha ni makosa machache ya kufikiri yanayojirudia kila mahali, na anayeyajua makosa hayo huweza kulipima dai jipya hata likija na sura asiyowahi kuiona.

Njama za kweli na namna zinavyofichuka

Njama za kweli zipo, na kuzikana hakumsaidii mtu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", kumbe watafiti walitaka kuona ugonjwa ungewafikisha wapi. Hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa. Mwaka 1972 Peter Buxtun, aliyekuwa mfanyakazi wa idara hiyohiyo, alizifikisha habari kwa shirika la Associated Press. Utafiti ukasimamishwa, familia zikalipwa fidia, na mwaka 1997 Rais Bill Clinton akaomba radhi kwa niaba ya taifa.

Kisa hicho kinaonyesha njama ya kweli inavyokuwa. Ilikuwa na lengo mahususi, wahusika wanaojulikana, mahali panapojulikana na nyaraka zilizoandikwa. Ilifichuliwa na mtu wa ndani na waandishi wa habari kwa ushahidi ambao yeyote angeweza kuukagua. Kwa hiyo kuuliza kama wakubwa wanaficha jambo si ujinga, na mara nyingi ni wajibu wa raia. Tofauti kati ya mchunguzi na mwenye nadharia ya njama huanza pale ushahidi unapowafikia. Mchunguzi hukubali kwamba upo ushahidi unaoweza kumwonyesha kuwa amekosea. Mwenye nadharia ya njama amekwisha kuifunga milango yote ambayo ushahidi wa namna hiyo ungepitia.

Kuwinda dosari ndogo

Kosa la kwanza ni kukusanya dosari ndogondogo na kuliacha rundo kubwa la ushahidi lilipo. Mfano wake ulio maarufu zaidi ni dai kwamba safari za Apollo zilirekodiwa studio. Chombo cha Apollo 11 kilitua Mwezini tarehe 20 Julai 1969, na hadi Desemba 1972 wanaanga 12 walikuwa wametembea huko katika safari sita. Mwaka 1976 Bill Kaysing, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya injini za roketi, alichapisha kitabu kilichodai kwamba yote yalikuwa maigizo. Madai mengi yanayosambaa hadi leo yanafanana na aliyoyaandika yeye.

Wanaodai hivyo husema bendera inapepea mahali pasipo na upepo, anga halina nyota, na vivuli havilingani. Kila swali lina jibu. Bendera ilishonewa fimbo ya mlalo kwenye ukingo wa juu kwa sababu wabunifu walijua kwamba pasipo hewa ingenyong'onyea. Ilitikisika wanaanga walipokuwa wakiisimika, na pasipo hewa ya kuizuia iliendelea kuyumba kwa muda. Picha zilipigwa mchana wa Mwezini, ardhi iking'aa kwa jua kali. Kamera iliyorekebishwa kwa mwanga huo haiwezi kunasa nyota, kama vile kamera ya uwanja wa mpira wenye taa kali isivyozinasa usiku. Vivuli navyo hupinda vinapoangukia ardhi yenye mabonde na miinuko.

Lakini udhaifu mkubwa wa hoja hizi ni ule unaobaki hata dosari zote zikiachwa bila jibu. Wanaanga walirudi na kilo 382 za mawe na udongo, ambavyo vimechunguzwa na wanasayansi wa nchi nyingi. Mawe hayo karibu hayana maji kabisa, na nyuso zake zina vishimo vidogo mno vilivyochimbwa na chembe za vumbi la angani, jambo lisilotokea duniani ambako hewa huziteketeza chembe hizo. Udongo ulioletwa na chombo cha Kisovieti cha Luna 16 mwaka 1970, kisichokuwa na mtu ndani, ulifanana nao. Safari za Apollo 11, 14 na 15 ziliacha vioo vya kurudisha mwanga, na kwa kuvipiga miali ya leza wanasayansi wamepima kwamba Mwezi unasogea mbali na dunia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Kuanzia mwaka 2009 chombo cha Marekani kinachozunguka Mwezi kimepiga picha maeneo ya kutua, na mwaka 2021 chombo cha India, Chandrayaan-2, kilipiga picha eneo la Apollo 11.

Dosari kumi zisizoelezeka haziwezi kuangusha ushahidi wa namna hiyo, kwa sababu tukio lolote kubwa likichunguzwa kwa karibu huwa na mambo yasiyoeleweka mara moja. Anayekanusha ana wajibu wa kuleta maelezo mengine yanayoeleza mawe, vioo na picha kwa pamoja. Hapo ndipo nadharia ya studio hunyamaza.

Siri isiyobebeka

Kosa la pili ni kutopima ukubwa wa siri inayodaiwa. Watu wapatao 400,000 walifanya kazi katika mradi wa Apollo: wahandisi, mafundi, washonaji wa mavazi ya anga na wahasibu. Mwaka 2016 mwanafizikia David Robert Grimes alichapisha hesabu ya muda ambao njama inaweza kudumu kulingana na idadi ya wanaoijua, akitumia njama za kweli zilizowahi kufichuka kama kipimo. Kwa idadi ya watu wa mradi ule, hesabu yake ilionyesha kwamba siri ingekuwa imevuja ndani ya miaka minne hivi.

Kuna kundi jingine ambalo lisingenyamaza. Muungano wa Kisovieti ulikuwa mshindani wa Marekani, ulikuwa na mitambo ya kufuatilia vyombo vya angani, na ungepata ushindi mkubwa wa kisiasa kwa kuuthibitishia ulimwengu kwamba adui amedanganya. Haukufanya hivyo. Nadharia ya Mwezi inalazimika kudai kwamba hata adui alikuwa ndani ya njama. Ndivyo nadharia hizi zinavyokua: kila anayetoa ushahidi wa kupinga huongezwa kwenye orodha ya washiriki, mpaka orodha inakuwa ndefu kuliko akili inavyoweza kukubali.

Kufuatana si kusababishana

Kosa la tatu ni kudhani kwamba mambo mawili yaliyotokea pamoja lazima moja limezaa jingine. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilienea hoja kwamba teknolojia ya simu ya 5G ndiyo iliyoleta Uviko-19, kwa kuwa jiji la Wuhan lilikuwa limeanza kuitumia muda mfupi kabla ya mlipuko. Watu walilinganisha ramani za mitambo na ramani za maambukizi, wakaona zinafanana. Nchini Uingereza minara ya simu kadhaa ilichomwa moto mwezi Aprili mwaka huo.

Ramani zilifanana kwa sababu iliyo wazi: mitambo mipya ya simu hufungwa kwanza penye watu wengi, na ugonjwa wa kuambukiza kwa njia ya hewa huenea haraka penye watu wengi. Kipimo kizuri cha dai hilo kilikuwa Afrika Mashariki. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania ikafuata siku tatu baadaye. Majaribio ya 5G ya kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya yalizinduliwa Machi 2021, na Vodacom Tanzania ilizindua huduma hiyo mwaka 2022. Kisababishi hakiwezi kuja baada ya matokeo yake. Mtu aliyekuwa Arusha au Nairobi mwaka 2020 alikuwa na ushahidi wa kutosha wa kulikataa dai hilo bila kuhitaji maabara.

Dai lisilokubali kushindwa

Kosa la nne ndilo kiini cha nadharia zote za njama: dai hutengenezwa kwa namna ambayo hakuna kinachoweza kulikanusha. Wanaoamini kwamba dunia ni bapa wametoa mfano ulio wazi kuliko wote. Katika filamu ya Behind the Curve ya mwaka 2018, kikundi chao kinaonekana kimenunua kifaa cha leza cha kupima mzunguko kwa takriban dola 20,000, kikiwa na nia ya kuonyesha kwamba dunia haizunguki. Kifaa kilionyesha mzunguko wa nyuzi 15 kwa saa, kiwango kilekile kinachotarajiwa kwa dunia inayojizungusha mara moja kwa siku. Kikundi hakikubadili msimamo. Kilianza kutafuta namna ya kukikinga kifaa dhidi ya nguvu za mbinguni zilizodhaniwa kukivuruga.

Hapa jaribio lilikuwa zuri na waliolifanya walikuwa na bidii. Kilichokosekana ni utayari wa kukubali jibu. Kama matokeo ya nyuzi sifuri yangethibitisha dai, na matokeo ya nyuzi 15 hayalikanushi, basi kwao jaribio halikuwa na maana tangu mwanzo.

Umbo la dunia linaweza kupimwa hata bila kifaa hicho, na mabaharia wa Bahari ya Hindi waliuona ushahidi wake kwa karne nyingi. Jijini Muscat, Nyota ya Kaskazini huonekana kwenye kimo cha takriban nyuzi 24 juu ya upeo wa macho. Nahodha wa jahazi aliyeteremka na kaskazi kuelekea Zanzibar aliiona nyota hiyo ikishuka usiku baada ya usiku, na karibu na ikweta ikatoweka. Lamu, Mombasa na Dar es Salaam haionekani kabisa. Juu ya ardhi bapa, nyota iliyo juu ya kaskazini ingeonekana popote penye usiku usio na mawingu.

Njama ya kweli iliyozaa ya uongo

Kosa la tano ni kuichukua nia kuwa ushahidi. Swali "nani anafaidika?" huanzisha uchunguzi, lakini haliwezi kuufunga. Katika miaka ya 1980 shirika la kijasusi la Kisovieti, KGB, lilisambaza uongo kwamba virusi vya Ukimwi vilitengenezwa katika maabara ya jeshi la Marekani huko Fort Detrick. Habari ilichapishwa kwanza mwaka 1983 katika gazeti moja la India, kisha ikarudiwa katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba idara za Kisovieti zilihusika.

Uongo huo uliaminika kwa sababu ulisimama juu ya mambo ya kweli. Ubaguzi wa rangi wa Marekani ulikuwa wa kweli, na Tuskegee ilikuwa ya kweli. Lakini uwezo wa mtu kufanya ubaya hauthibitishi kwamba amefanya ubaya huu. Damu iliyochukuliwa Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, mwaka 1959 na kuhifadhiwa ilikuja kukutwa na virusi hivyo, na mwaka 1959 hakukuwa na maabara yoyote duniani iliyoweza kuunda virusi. Utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba virusi vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun na vikaanza kuenea Kinshasa miaka ya 1920.

Kutoiamini sayansi ya Ukimwi kuliwagharimu watu uhai. Nchini Afrika Kusini, serikali ya Rais Thabo Mbeki ilitilia shaka kwamba virusi ndivyo vinavyosababisha Ukimwi, na ikachelewesha dawa za kufubaza virusi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kati ya mwaka 2000 na 2005 kwa sababu ya ucheleweshaji huo.

Chanjo ya pepopunda na ukweli uliopotoshwa

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake ilichanganywa na homoni ya ujauzito ili kuwafunga uzazi. Uvumi kama huo ulikuwa umezuka miaka ya 1990 katika nchi kadhaa, zikiwamo Mexico, Ufilipino na Tanzania. Chimbuko lake lilikuwa jambo la kweli: Shirika la Afya Duniani liliwahi kufadhili utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba, ambamo homoni hiyo iliunganishwa na sumu ya pepopunda iliyodhoofishwa ili mwili uitambue. Kutokana na utafiti huo wa wazi, watu waliruka hadi hitimisho kwamba kila chanjo ya pepopunda ina homoni.

Walioshuku waliuliza kwa nini wanawake wa umri wa kuzaa tu. Jibu liko kwenye ugonjwa wenyewe. Mtoto mchanga huambukizwa pepopunda kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe usio safi, na kinga pekee anayozaliwa nayo ni ile aliyoipata kwa mama. Mwaka 1988 ugonjwa huo uliua watoto wachanga wanaokadiriwa kufika 787,000 duniani. Kufikia mwaka 2013 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 49,000, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kuwachanja mama zao. Kuhusu vipimo vilivyotajwa kama uthibitisho, mashine za kupima ujauzito zimetengenezwa kwa damu na mkojo wa binadamu, na haziwezi kutegemewa zinapopima dawa ya chanjo.

Lipo pia jaribio ambalo historia imekwisha kulifanya. Kwa miongo kadhaa wajawazito wa Tanzania wamechanjwa pepopunda kliniki. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu milioni 23.1, ya mwaka 2002 milioni 34.4, na ya mwaka 2022 milioni 61.7. Mpango wa siri wa kufunga uzazi wa taifa ungeonekana kwenye takwimu hizo kabla ya kuonekana kwenye chupa yoyote ya dawa.

Mumiani na gharama ya uvumi

Afrika Mashariki ina nadharia yake ya njama ya miaka mingi. Tangu enzi za ukoloni umekuwapo uvumi wa mumiani, watu wanaodaiwa kuwakamata wenzao na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Nairobi na Kampala lawama ziliwaangukia wazimamoto, na katika Kongo ya Wabelgiji watuhumiwa waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alionyesha jinsi uvumi huo ulivyojengwa juu ya mambo ambayo watu waliyaona: waganga wa serikali wakitoa watu damu, magari ya ajabu, watu wenye sare wakifanya kazi zisizoelezwa. Hofu ya kunyonywa ilikuwa na msingi katika utawala ulionyonya kweli jasho la watu. Kosa lilikuwa kuihamisha hofu hiyo kutoka kwenye mfumo na kumtwisha mtu aliyepita njiani.

Uhamisho huo unaua. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania wanyonya damu. Walikuwa katika kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Mwaka uliofuata uvumi kama huo uliua watu kadhaa kusini mwa Malawi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Mgeni mwenye vifaa visivyojulikana alitosha kuwa ushahidi, na hukumu ikatangulia swali.

Kwa nini akili hunasa

Akili ya binadamu imezoea kutafuta mtu nyuma ya kila tukio, na huona ni vigumu kuamini kwamba jambo kubwa lina sababu ndogo. Ndiyo maana mauaji ya Rais John F. Kennedy mwaka 1963 na kifo cha Binti Mfalme Diana mwaka 1997 vimezaa nadharia nyingi: mtu mmoja mwenye bunduki, au dereva mlevi aliyekimbiza gari, huonekana hatoshi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Kadiri watu walivyokubali kwamba Diana aliuawa, ndivyo walivyoelekea kukubali pia kwamba alijisingizia kifo na yungali hai. Maelezo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Yanachoshiriki ni imani moja ya msingi, kwamba taarifa rasmi ni uongo, na imani hiyo ikishatangulia, lolote linaloipinga taarifa hupokelewa.

Kulipima dai

Dai lolote la njama linaweza kupimwa kwa maswali machache. Ni ushahidi gani, ukipatikana, ungeonyesha kwamba dai si kweli? Ni watu wangapi wangelazimika kunyamaza, na kwa muda gani? Je, kisababishi kinachotajwa kilitangulia matokeo, na matokeo yametokea pia mahali kisipokuwapo? Je, maelezo mapya yanaeleza ushahidi wote, au yanazieleza dosari tu? Na je, maadui wa watuhumiwa, wenye uwezo na sababu ya kuwaumbua, wanasema nini? Tuskegee inafaulu katika maswali yote. Studio ya Mwezi, 5G na chanjo ya kufunga uzazi hazivuki hata swali la pili.

Wajibu hauko kwa raia peke yake. Utafiti usioelezwa kijijini, kampeni ya chanjo isiyojibu maswali ya akina mama na serikali inayokana makosa yake hadi inapokamatwa huwapa watu sababu halali za kushuku, na shaka halali ndiyo mtaji wa kila mwenye nadharia ya njama. Taasisi inayoeleza kazi yake mapema, inayofungua kumbukumbu zake na kukiri ilipokosea humwezesha raia kuitofautisha siri ya kweli na ya kubuni, na raia mwenye uwezo huo ni vigumu kudanganywa na serikali au na mzushi.